Nusu Sindano ya Mariam Poni

Ndugu wasomaji, nyumba ya Mariam Poni pale Koboko ilikuwa ya kuonewa wivu. Asubuhi mumewe Swadiki, dereva wa lori, alikunywa chai barazani akimtania mkewe kwa kumwita daktari, maana Mariam aliuza dawa na sindano yake ilisifiwa hadi Oraba mpakani. Swadiki alipoamka siku moja na jipu pajani, walicheka tu.

Mariam alikuwa na mazoea yake. Kichupa kimoja cha jenta, dawa ya kuua bakteria, alikigawa kwa wagonjwa wawili, na uvimbe ukinywea aliacha kuchoma. Wateja walitaka sindano moja wakaendelee na kazi, naye aliwaridhisha. Basi hata mumewe alimchoma nusu, nusu ya pili akampa mteja. Jamani, hata mume! Jipu lilinywea, likarudi, akachoma nusu tena, mpaka mguu mzima ukavimba na Swadiki akaanza kuweweseka kwa homa.

Alipokimbizwa hospitali ya Arua, daktari alipima usaha, akamweleza Mariam kuwa ni bakteria wa stafu, tena sugu kwa kila dawa iliyokuwepo. Mariam akauliza kama hakuna sindano nyingine.

"Ziko mpya, za ukoo wa jenta, zimetengenezwa kwa wadudu sugu kama hawa," daktari alijibu. "Lakini ziko ng'ambo, mama. Hapa sina hata moja."

Ili apone, Swadiki alikatwa mguu.

Wageni walipofika wodini, aliwaambia kwamba bila mkewe angekuwa kaburini. Mariam alitazama sakafu kwa aibu. Jirani yao Rosa Kiden akamwinamia.

"Dada Mariam, mutoto yangu iko na jipu. Ukirudi, piga yeye sindano ile ya mzee."

Angeweza kuitikia tu, na hakuna ambaye angejua.

"Hapana, Rosa. Peleka yeye hospitali," alisema kwa shida. "Mimi nilikuwa napiga mzee nusu-nusu. Hii mguu, mimi ndiyo niliharibu."

Swadiki alimwangalia mkewe, kisha akageuza uso ukutani.

MAFUNZO

Dawa ya bakteria haionjwi wala haigawanywi. Pimwa kwanza, pata kipimo kamili, maliza siku ulizoandikiwa. La sivyo, bakteria wanaobaki huizoea dawa, na hata hizo mpya zikifika kwetu tutaziharibu vilevile. Nawe mwenye duka, kumkatalia mteja ni aibu ndogo. Kubwa anaijua Mariam.