Mawe Matatu ya Mheshimiwa

Sukanti alikuwa anafua mtoni. Alipigiza shuka kwenye jiwe lenye jina la Mheshimiwa Debendra, mbunge wao katika bunge la jimbo la Odisha. Alipigiza kwa hasira.

Mawe ya msingi wa daraja lililoahidiwa hapo yalikuwa matatu, yote aliyaweka yeye. La kwanza lilimwita mbunge. La pili, naibu waziri. La tatu, waziri. Cheo kilipanda, daraja halikuonekana. Kila uchaguzi ukikaribia alikuja, wanawake wakamwosha miguu, akapasua nazi ya kijiji kubariki jiwe jipya, akaenda zake. Aibu tupu!

Mvua za mwaka jana, wifi yake Sukanti, Malati, alishikwa na uchungu mto umefurika. Alifia ukingoni, mtoto akiwa tumboni. Sasa Jhunu, binti wa Sukanti, alikuwa na mimba changa. Na Mheshimiwa alikuwa anakuja kuweka jiwe la nne.

"Nazi nimeshanunua," alisema Bideshi, mume wa Sukanti. "Tukimuudhi, hatatupa daraja."

"Hatawapa? Kwani ni la baba yake?" alidakia Kuntala, mhudumu wa afya, aliyekuja kumpima Jhunu. "Shemeji, hizo ni kodi zenu. Hata ukinunua sabuni unalipa kodi. Kazi yake ni kuwasemea bungeni na kufuatilia. Miguu mnamwosha kwa lipi?"

"Sasa tufanyeje?" aliuliza Sukanti.

"Acheni kwenda mmoja mmoja kumbembeleza nyumbani kwake. Itisheni mkutano mkuu wa kijiji. Kila mpiga kura ana haki ya kusema pale. Kisha muulizeni hadharani: fedha zimetengwa? Mkandarasi ni nani? Kazi inaanza lini?"

Mkutano ulijaa. Wote walikubaliana: majibu kwanza, nazi baadaye.

Siku ilipofika, Mheshimiwa alivua viatu, akanyoosha miguu. Hakuna aliyeinama. Akanyoosha mkono apewe nazi. Sukanti alikuwa ameikumbatia.

"Mama, lete nazi. Nina safari."

"Hata Malati alikuwa na safari. Ya hospitali," alijibu Sukanti. "Mkandarasi ni nani?"

"Wewe unanijua mimi ni nani?"

"Nakujua sana. Kila siku nafua nguo juu ya jina lako!"

Watu walicheka, kisha wakapaza sauti wote: "Kazi inaanza lini?" Waandishi wa habari aliowaleta mwenyewe walikuwa wanapiga picha. Bila nazi, jiwe haliwekwi. Mheshimiwa alimgeukia mhandisi aliyekuja naye, ajibu yeye.

"Fedha zipo tangu jiwe la pili," mhandisi alisema, macho chini. "Hakuna aliyefuatilia."

Bideshi alilia kwa hasira mbele ya watu: dada yake Malati alikufa fedha za daraja zipo.

Mitambo ilifika mwezi uleule. Wanakijiji walipeana zamu kukagua saruji na nondo. Mvua ziliponyesha, daraja lilikuwa tayari; gari lilimvusha Jhunu hadi hospitali, akajifungua salama.

Mheshimiwa alituma ujumbe kwamba anakuja kuzindua daraja. Hawakumngoja. Sukanti aliipasua nazi mwenyewe, pale alipofia wifi yake, akalitaja jina moja tu: Malati.