Mazoezi Gani, Mumbe?

Mumbe ana duka la nafaka sokoni Voi. Ukitaka ndengu, kunde au mbaazi, utamkuta pale, ameketi juu ya stuli yake. Asubuhi bodaboda inamleta kutoka kwake Mwakingali. Jioni boda inamrudisha. Akifika nyumbani kuna kupika, kuna nguo za kufua, kuna watoto, Koki na wadogo zake. Kupumzika ni Jumapili, na Jumapili yenyewe ni kwaya.

Na kwaya ndiyo roho ya Mumbe. Yeye ndiye anayeanzisha nyimbo. Sauti yake ikitoka, hata watoto watundu wa viti vya nyuma wananyamaza.

Lakini mwaka huu pumzi ilianza kumwangusha. Ubeti wa kwanza, sawa. Ubeti wa pili, anahema. Jumamosi moja Stephen, mwalimu wa kwaya, alimwita kando.

"Mama Koki, mwezi wa nane tumealikwa Chawia. Tutapanda kile kilima kwa miguu, tukiimba mpaka mlangoni mwa kanisa. Utaweza kweli? Ama tumpe Shanice aanzishe?"

Shanice! Msichana mzuri, sauti anayo. Lakini ni nani aliyemfundisha kuimba, kama si Mumbe?

"Nitaweza," Mumbe alisema, akaenda zake. Moyoni aliumia sana.

Jumatatu alienda kliniki. Muuguzi aliitwa Immaculate, mama wa Kitaita asiyependa kuzungushwa. Alimpima presha.

"Imepanda kidogo. Haijafika pa kukupa dawa, lakini inaelekea huko. Unafanya mazoezi?"

"Sana, sista! Kila Jumatano na Jumamosi. Sikosi."

"Vizuri. Endelea hivyo hivyo. Punguza chumvi, urudi mwezi ujao."

Mumbe alitoka akitabasamu. Mwezi ukapita, akarudi. Presha ilikuwa ile ile. Pumzi nayo ile ile. Immaculate alikunja uso.

"Mama, haya mazoezi yako ni ya aina gani?"

"Ya kwaya, sista."

"Ya kwaya?"

"Ndiyo. Soprano wanaanza, halafu alto wanaingia..."

"Mnaimba mmesimama?"

"Tunaketi. Mazoezi ni marefu, miguu inachoka."

Immaculate alicheka mpaka akafuta machozi. Mumbe naye alicheka, halafu aibu ikamshika.

"Nami nina makosa, sikukuuliza vizuri," Immaculate alisema. "Mazoezi ninayosema ni ya mwili. Moyo ufanye kazi, upate nguvu. Presha inashuka na pumzi inaongezeka."

"Ngai, Mungu wangu! Huo muda niutoe wapi? Nikimbie barabarani kama mwanajeshi, na duka nimwachie nani?"

"Nani amesema ukimbie? Kutoka kwako hadi sokoni ni mbali?"

"Kwa miguu, labda dakika ishirini. Lakini kuna boda."

"Na hiyo boda unaingoja?"

"Naingoja. Siku nyingine inachelewa, acha tu."

"Basi muda unao. Unaumaliza kwa kungoja boda."

Mumbe alianza kuhesabu dakika hizo kwa vidole.

"Nusu saa kwa siku, siku tano kwa wiki," Immaculate aliendelea. "Si lazima iwe kwa mara moja. Asubuhi kidogo, jioni kidogo, zote zinahesabika. Vaa viatu visivyobana. Anza polepole. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama, uje hapa mara moja."

"Na nitajuaje kama natembea vya kutosha?"

"Wewe ni mwimbaji, kipimo unacho. Tembea mwendo ambao unaweza kuongea, lakini kuimba huwezi. Ukiweza kuimba, unajidanganya. Ongeza mwendo."

Wiki ya kwanza ilikuwa kazi. Miguu iliuma. Ndambuki wa boda alimfuata akilalamika, "Mama Koki, kwani nimekukosea nini?" Majirani walinong'ona kwamba duka limeanguka. Mumbe aliwaacha waseme. Mutuku, mume wake, alikubali kupika uji wa watoto asubuhi ili mkewe atoke mapema, kabla ya jua kuwa kali. Uji wa kwanza ulikuwa na madonge, lakini ulinyweka.

Dukani nako Mumbe aliisukuma stuli pembeni. Wateja aliwapimia akiwa amesimama.

Jioni moja, akirudi nyumbani, alijisikia akiimba. Ubeti mzima! Alisimama, akacheka peke yake. Halafu akakumbuka kipimo cha sista, akaongeza mwendo. Alipopimwa tena, presha ilikuwa imeshuka.

Mwezi wa nane ukafika. Kwaya ilipanda kilima cha Chawia, Mumbe akiwa mbele. Ubeti wa kwanza aliuanzisha. Wa pili akauanzisha, sauti ikiwa ile ile. Lakini nyuma yake waitikiaji walikuwa wamepungua. Aligeuka. Shanice alikuwa ameshika kiuno, anahema.

"Shanice, mwanangu, wewe unafanya mazoezi kweli?"

"Nafanya, mama. Kila Jumatano na Jumamosi."

Mumbe alicheka mpaka Stephen akamkazia macho.

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi nakupitia," alimwambia. "Uvae viatu visivyobana."

Kisha akaanzisha ubeti wa tatu.