Koti la Kompyuta

Kila jioni giza lilipoanza kuingia mtaa wa Mususa, Kanyere alipangusa meza, akamwaga maji ya kunawia, kisha akasubiri mlio wa grupu. Grupu ilikuwa jenereta ya jirani, na nyumba zilizochangia mafuta zilipata umeme mpaka wakati wa kulala. Mji wa Butembo miaka ile ya vita haukuwa na umeme mwingine, na aliyepata taa alishukuru.

Taa ikiwaka, baba yake, mwalimu Mathe, aliwasha kompyuta. Mishahara ya walimu serikali ilikuwa imeisahau kitambo, basi alichapa mitihani ya shule za jirani na mialiko ya harusi, na chumvi na sabuni za nyumba ile zilitoka humo. Kompyuta yenyewe aliletewa na shemeji yake mfanyabiashara kutoka Dubai. Ilipofika, watu walikuja kuiona kama wanavyokuja kumwona mtoto mchanga.

Sasa niambie, nyumba gani ya Butembo inaacha kitu cha maana bila kitambaa? Redio ina kitambaa, kabati lina kitambaa, hata viti. Kanyere alikuwa amejifunza kufuma kwa masista, akaifumia kompyuta koti zima la sufu ya bluu. Lilifunika juu, pande zote na mgongo, likaacha kioo peke yake.

"Baridi ya hapa kwetu iko mingi," alisema. "Na vumbi pia."

Mama yake, Anne-Marie, aliwaita majirani waje walione. Kanyere alivimba kichwa wiki nzima.

Baadaye kompyuta ikaanza vituko. Inawaka vizuri, baba anachapa, halafu ghafla kioo kinakuwa cheusi na kazi yote imepotea. Ikipumzika kidogo inawaka tena, kisha inazimika vilevile. Mtihani wa hesabu aliuanza upya mpaka akachoka.

"Jacob," baba alimwambia kaka yake Kanyere, "ni weye na ile muchezo yako ya karata mule ndani ya kioo. Umeharibu mashini."

"Papa, hapana miye. Nilicheza tu, sikuharibu kitu."

"Nyamaza. Usiikaribie tena."

Jacob alikuwa mvulana wa kucheka hovyo, lakini tangu siku ile alikula peke yake uani. Kanyere alimwonea huruma. Hata hivyo, yeye pia aliamini kosa ni la karata.

Fundi pekee ambaye baba alimwamini alikuwa Phinées, naye aliishi Beni. Barabara ya Beni wakati ule iliogopwa. Watu wenye bunduki walisimamisha magari na kuchukua walichotaka, na safari nyingine waliwachukua hata abiria.

"Kesho kuko lori ya viazi," baba alisema. "Nitapanda na mashini."

Mama aliweka sufuria chini. "Batakuua juu ya ile mashini, papa Jacob."

"Na mitihani ya batoto? Na siye tutakula nini?"

Mama aliomba tu kwamba kwanza baba aongee na Phinées kwa phonie, ile redio ya mawasiliano iliyokuwa kwenye duka moja mtaa wa Kimemi. Simu hazikuwapo. Ulisema kwenye kipaza sauti, ukamaliza kwa "à vous" ili mwenzako ajue ni zamu yake, na watu wote waliosubiri kwenye benchi walisikia mambo yako.

Asubuhi baba alikwenda na watoto wake wote wawili. Mwenye phonie, mama Julienne, aliita Beni mpaka sauti ya Phinées ikatokea katikati ya mikwaruzo.

"Mwalimu, mashini inazimaka wakati gani? À vous."

"Kiisha muda kidogo. Ikipumuzika, inawaka tena. À vous."

"Mbele ianze hivyo, kuko kitu ya mupya mulifanya? À vous."

Baba alimtazama Jacob. "Hapana kitu ya mupya. Ni mutoto tu anachezaka karata. À vous."

"Karata haizimake mashini," Phinées alisema, na Jacob akainua kichwa. "Nyuma yake kuko moto? Hewa inatoka? À vous."

Nyuma! Kanyere alikumbuka koti lake. Kabla ya koti, kompyuta haikuwahi kuzimika hata mara moja. Tena sufu ya mgongoni ilikuwa na joto kila alipoigusa, naye alifurahi kwamba koti linafanya kazi yake. Angeweza kunyamaza na kulivua kimyakimya nyumbani, pengine baba angeahirisha safari. Lakini pengine angepanda lile lori. Na Jacob angebaki mwenye makosa.

"Papa," alisema, "kuko koti."

Baba akampa kipaza sauti. "Sema weye mwenyewe."

Uso ulimwaka kwa aibu. "Nilifumia mashini koti. Inafunika nyuma yote. À vous."

Benchi zima lilicheka. Phinées hakucheka.

"Aksanti, mutoto. Mashini inapumuaka kwa nyuma, iko na kapanga, kafeni kenye kutoa moto inje. Ukiiziba, inajizima yenyewe ili isiungue. Mutoe koti, muisogeze mbali na ukuta, mupanguse vumbi wakati imezimwa. Na weye mwalimu, ukichapa kidogo, hifadhi kazi. Usingojee mwisho. À vous."

Jioni waliivua kompyuta koti. Baba alichapa, akahifadhi, akachapa tena, na kompyuta ilikaa macho mpaka mtihani ukaisha. Mama alicheka mpaka machozi.

Lori la viazi lilikuwa limeondoka bila baba. Liliporudi, abiria walishuka bila mizigo, wengine bila viatu. Mwalimu Mathe aliwatazama kutoka barabarani, akarudi nyumbani akawaita watoto.

"Jacob, nilikuonea. Nilitafuta mwenye makosa mbele ya kutafuta makosa yenyewe. Unisamehe." Kisha akamgeukia Kanyere. "Kukosea kwa kutojua, hapana zambi. Lakini ungenyamaza pale phonie, pengine leo ningekuwa barabarani na bale batu. Ulikubali kuchekwa ili useme ukweli, na ule ukweli ulinibakisha hapa."

Kanyere alilichukua koti la bluu, akalifumua uzi kwa uzi, akaanza kumfumia Jacob kofia. Jacob aliivaa kila asubuhi ya baridi, na mtu akimuuliza alikoipata, alijibu kwamba ameirithi kwa kompyuta.