Mgombea na Kitabu cha Kuku

Joto la Dubai mwezi wa Agosti si la mchezo. Mwaka jana nilimwona kwa macho yangu njiwa wa Deira akishuka ngazi za metro kwa miguu, anatafuta kiyoyozi. Asiyeamini akamuulize njiwa.

Siku moja ya joto kama hilo, Ken alisimama juu ya stuli sebuleni kwake. Alikuwa anaihutubia friji.

"Wazazi wenzangu! Mkinichagua, kila mtoto atavaa joho siku ya kufunga muhula! Na kofia yenye kishada!"

Friji ilinguruma.

"Haya, kura moja umepata," alisema mkewe, Rebecca, huku akikunja nguo.

Ken ni msimamizi wa walinzi kwenye bohari moja huko Dubai Investments Park. Rebecca anasuka nywele saluni. Wanaishi Deira na binti yao, Everlyn, wa miaka sita. Kila Jumamosi Everlyn huenda darasa la Kiswahili pamoja na watoto wengine arobaini. Darasa hilo linaendeshwa na kamati ya wazazi. Nafasi moja ya kamati ilikuwa wazi, na Ken aliitaka sana. Mpinzani wake alikuwa Bwana Msellem, muuza vitambaa wa Bur Dubai.

"Everlyn, lete kitabu," Ken aliita. "Tumtumie nyanya yako video. Kakamega wajue mtoto wa mgombea anasoma."

Everlyn alileta kitabu cha kuku. Rebecca alishika simu. Mtoto akaanza, mbio kama maji ya bomba.

"Kuku wangu mweusi ametaga mayai matano!"

Mlango ulikuwa wazi. Akaingia jirani yao, Bi Tufaha, na sahani ya vitumbua. Bi Tufaha alizaliwa Unguja na amefundisha watoto wadogo miaka arobaini. Husemwa alimfundisha kusoma hadi kasuku wa ghorofa ya tatu, na kasuku yule sasa hataki gazeti la jana.

Bi Tufaha alisimama nyuma ya Everlyn, akasikiliza. Kurasa mbili za kitabu zilikuwa zimegandana kwa asali. Everlyn alizifunua pamoja bila kujua, akaendelea.

"Kuku wangu anayaatamia mayai yake!"

Lakini ukurasa ule ulikuwa na picha ya basi.

"Mjukuu wangu," alisema Bi Tufaha, "kuku yuko wapi hapa?"

Everlyn aliitazama picha. "Amepanda basi."

Bi Tufaha alicheka hadi vitumbua vikatikisika. Kisha akafunika ukurasa kwa kiganja, akaacha neno moja tu. "Na hili ni neno gani?"

Everlyn aliangalia dari. "Likiwa peke yake silijui."

Ken alishuka kwenye stuli. "Aki Everlyn! Si umekuwa ukisoma kila siku?"

"Usimfokee, mwanangu," alisema Bi Tufaha. "Mtoto hana kosa. Nimepita kule darasani, wanasoma wote kwa pamoja. Asiyejua hufuata mdomo wa mwenziwe. Kitabu amekikariri chote. Nyinyi mwasikia kwaya nzuri, mwapiga makofi. Sasa niambie, hilo joho litamfundisha neno gani?"

Ken aliigeukia friji. Safari hii haikunguruma.

"Tufanyeje, Bi Tufaha?" aliuliza Rebecca.

"Dakika kumi kila siku. Mtoto asome peke yake, na mtu mzima asikilize. Aweke kidole chini ya kila neno. Akikwama, msimtajie haraka. Mwacheni aunganishe silabi. Akimaliza, muulizeni amesoma nini, mjue kama ameelewa. Na mpeni maneno mapya, asiyoyajua kwa moyo."

"Hapa Deira Kiswahili kimeandikwa wapi?" aliuliza Ken. "Mabango yote ni Kiarabu na Kiingereza."

"Kalamu huna?"

Siku ile ile nyumba ilijaa karatasi. Mlangoni waliandika *mlango*. Kwenye sufuria, *sufuria*. Kila siku Rebecca alibadilisha maneno. Everlyn alitembea na kidole chake. "Ki-ti. Kiti! Di-ri-sha. Dirisha!" Mara nyingine alikosea, wakacheka, akarudia.

Ijumaa moja Ken alirudi kutoka zamu, akajilaza kwenye kochi. Alikoroma kiasi kwamba madirisha ya jengo la pili yalijifunga yenyewe. Rebecca aliandika karatasi, akaibandika kifuani pa mumewe. Everlyn alisogea, akaweka kidole.

"Ba-ba. Baba. A-na... ko-ro-ma." Akarudisha kidole mwanzo. Kisha akaruka juu. "Baba anakoroma! Mama, nimesoma! Baba anakoroma!"

Ken aliamka. Aliisoma ile karatasi, akambeba bintiye, akazunguka naye sebule nzima.

Lakini uchaguzi ulikuwa kesho yake.

"Nikisema ukweli, watajua binti yangu alikuwa hajui kusoma," alimwambia Rebecca. "Nani atanichagua?"

"Usiposema, wale wengine arobaini wataendelea kumpandisha kuku basi," alijibu Rebecca.

Jumamosi wazazi walijaa darasani pamoja na watoto wao. Bwana Msellem aliahidi pilau kila mwezi. Akashangiliwa. Ken alisimama. Hotuba ya majoho aliikunja, akaitia mfukoni.

"Wenzangu, binti yangu alikuwa hasomi. Alikariri. Mimi nilikuwa napiga makofi tu." Akaeleza yote, hadi kuku. "Yalla, haya, kila mzazi ajaribu sasa hivi. Mfunikie mwanao ukurasa, umwachie neno moja."

Wazazi wakafunika kurasa. Kisha vicheko vikaanza huku na huku. Mtoto mmoja alikuwa ameshika kitabu juu chini. Alikuwa mtoto wa Bwana Msellem.

"Nikichaguliwa," alisema Ken, "kila mtoto atasoma peke yake dakika tano kila Jumamosi, na mzazi mmoja amsikilize. Tutapeana zamu. Basi."

Kila mzazi akaandika jina kwa siri, akakunja karatasi. Bi Tufaha, aliyeombwa kusimamia kura, alimpa Everlyn kazi ya kuzisoma.

"Ken. Mse-llem. Ken." Alisoma zote, kidole chini ya kila jina. Zikawa kumi na tisa kwa kumi na tisa. Ikabaki karatasi moja. Everlyn aliifunua, akatabasamu.

"Baba anakoroma."

Rebecca alikuwa anatazama dari.

"Kura hiyo imeharibika!" mzazi mmoja alipiga kelele.

Bwana Msellem alisimama, machozi ya kicheko yanamtoka. "Khalas, yaishe! Mtoto kaisoma, sote tumejua nani anakoroma. Ihesabiwe. Na zamu ya kwanza ya kusikiliza niandikieni mimi. Pilau nitaleta vilevile."

Mwezi wa Desemba Everlyn alisoma kitabu kipya kwenye simu ya video. Nyanya wa Kakamega, aliyesimuliwa yote, akamwambia afunike picha kwanza. Akasoma kitabu chote, na kuku hakupanda basi hata mara moja.