Kura ya Kwandu Isiyopigwa na Kwandu

Alhamisi asubuhi Kwandu alikoroga uji, akawapa watoto, kisha akaenda kuangalia ndoo zake za asali. Zilikuwa kumi na nne, kila moja na namba yake. Mumewe, Kazimili, alikuwa anafunga mizinga mipya kwa kamba.

Ndoo zile Kwandu alizipenda, na alikuwa na sababu. Mwaka juzi mkusanyaji mmoja wa asali alichanganya asali ya Kwandu na asali chafu, akaiuza yote kwa jina lake mwenyewe. Asali safi ya Kwandu ikapotea hivi hivi. Alilia siku mbili.

Baadaye nyumba ishirini na moja za wafuga nyuki, za Biharamulo na Ngara, zilianzisha daftari la pamoja kwenye simu, la kuandika kila ndoo ni ya nani. Daftari hilo halikai kwa mwenyekiti. Kila simu ina nakala yake. Mtu akidanganya kwenye simu yake, simu za wenzake zinamkataa. Na programu ya daftari haibadilishwi mpaka zaidi ya nusu ya nyumba zikubali. Kila nyumba ina kura moja, na ufunguo wa kura ni maneno kumi na mawili ya siri.

Simu ya Kwandu ikalia. Akasoma: "Badiliko namba tisa: Kurahisisha kazi. Ndiyo 13. Kura yako: Ndiyo."

"Baba Nice," alimwita mumewe, "mbona mimi sijapiga kura?"

"Kaka Maduhu ametupigia," Kazimili alijibu. "Si unajua kwetu mkubwa wa ukoo ndiye husemea nyumba zake mkutanoni? Nilimpa yale maneno. Yuster na Magdalena, wake wa ndugu zetu, nao walimpa yao."

Kwandu akashuka kwenye maandishi madogo. Yalisema: mkusanyaji ataweza kubadili jina la mwenye ndoo bila kumuuliza. Kura zilikuwa zinafungwa Jumamosi saa sita mchana.

Alikwenda mbio mpaka Biharamulo mjini, kwa Deodata, binti anayeandika programu ile pamoja na wenzake.

"Deodata mwanangu, nifutie hiyo kura. Nakuomba."

"Siwezi, mama."

"Huwezi vipi? Si wewe uliyeandika?"

"Naandika tu, siitawali. Ningeweza kufuta kura yako leo, kesho ningeweza kufuta jina lako kwenye ndoo. Badiliko liliandikwa na mwanachama mmoja, nalo liko wazi siku saba ili kila mtu alisome. Tatizo ni kwamba mtu mmoja ameshika nyumba sita, yake na tano za wengine. Hapo daftari limerudi kwa mwenyekiti, ila hamkumchagua."

Kwandu akakaa chini.

"Sasa nifanye nini?"

"Badili maneno yako kwanza, maana ya zamani yanajulikana. Nyumba mbili zinazokufahamu zithibitishe kuwa ni wewe. Yaandike mapya kwenye karatasi, ufiche, usimpe mtu. Hata mimi usinitajie. Kisha piga kura yako upya. Lakini kura yako peke yake haitoshi. Zitabaki ndiyo kumi na mbili, na kumi na moja zinatosha kupitisha."

Ijumaa nzima Kwandu alikuwa njiani, akiwaomba wenzake nao wabadili maneno na kura. Yuster alikubali haraka. Magdalena aliogopa. "Shemeji Maduhu atasema tumemdharau," alisema. Kwandu hakulala vizuri. Jumamosi asubuhi Magdalena alikuja mwenyewe na simu mkononi. Wanawake watatu wakathibitishana, wakabadili maneno, wakapiga kura. Mtandao ulikatika mara mbili. Jamani, ile saa moja ilikuwa ndefu.

Saa sita kamili simu ikasema: "Ndiyo 10. Badiliko halikupita."

Jioni Kwandu alikwenda kwa Maduhu.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Nimesikia. Nimeona aibu, Kwandu. Miwani yangu ilivunjika tangu Pasaka. Nilisoma kichwa cha habari tu, kile cha herufi kubwa. Kikasema kurahisisha kazi, nikaona jema. Sikutaka watu wajue kuwa sioni."

Wiki iliyofuata likaletwa badiliko namba kumi: jina likikosewa, litarekebishwa kwa ufunguo wa mwenye ndoo tu. Zile nyumba mbili nyingine zilizompa Maduhu maneno zilikuwa zimeshabadili maneno yao. Ndoo za Kwandu zilichukuliwa na mnunuzi, zote kumi na nne kwa jina lake.

Maduhu alikuja kwa Kwandu na simu yake.

"Nisomee hilo namba kumi lote, mpaka maandishi madogo," alisema.

Kwandu akamsomea polepole. Alipomaliza akafungua mdomo amwambie apige kura gani. Mzee akainua mkono.

"Hapana, shemeji. Hapo niachie mwenyewe."