Nzilani na Vita vya Vizibo

Kila siku saa kumi jioni, Nzilani alifungua kufuli la chumba chao mtaani Landless, akavua viatu, akachambua maharagwe ya jioni na kuyaloweka. Baada ya hapo hakuwa na la kufanya. Mama yake, Mbula, alikuwa kiwandani akishona nguo hadi saa moja. Walikuwa wamehamia Thika mwezi wa Januari kutoka Ruiru, na rafiki yake wa chanda na pete, Wanja, alikuwa amebaki huko.

Basi Nzilani alikuwa akitandaza katoni sakafuni na kupigana vita. Kwenye katoni alichora mto, daraja moja na vilima viwili. Vizibo vya soda vilikuwa askari. Mkono wa kulia uliongoza jeshi jekundu, wa kushoto jeshi la buluu, na majeshi hayo yalikuwa na haraka ya ajabu. Hayakuwahi kukaa kilimani hata dakika moja. Yalikimbiliana, dadu zikarushwa, moja likashinda, na mshindi daima alikuwa Nzilani.

Mchezo huo alifundishwa na Mwalimu Magdalene katika klabu ya michezo ya mezani, kwenye shule yake mpya huko Kamenu. Kanuni zake hazikuwa ngumu. Kila upande huwa na askari kumi na wawili. Askari wakikutana, mwenye namba kubwa ya dadu hushinda, ila aliye kilimani huongezewa mbili. Kengele ikilia, mwenye askari darajani ndiye mshindi. Daraja likibaki tupu, wote wawili wameshindwa.

Muhula huo, wanafunzi wanne wangekwenda Ruiru kushindana na shule aliyosoma zamani, ambako Wanja alikuwa angali akisoma. Nafasi tatu zilikuwa zimejaa. Ya nne ingeamuliwa siku ya Ijumaa kati ya Nzilani na Njau, mvulana mpole aliyecheza kana kwamba ana mwaka mzima mbele yake. Nzilani aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Hakuwa amemwona Wanja kwa miezi mitano.

Jumatano walicheza mchezo wa mazoezi. Njau alipanga askari wake kilimani, akakunja mikono, akatulia. Nzilani alivuka daraja mbio na jeshi lake lote, akakivamia kilima, na kabla ya robo saa alikuwa amebaki na kizibo kimoja. Njau akashuka zake polepole hadi darajani.

"Nzilani, kwani unakimbilia wapi?" akamuuliza. Wenzake wakacheka, naye Nzilani akainama kuokota vizibo ili wasimwone akilengwalengwa na machozi.

Wengine walipoondoka, Mwalimu Magdalene alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Nyumbani unacheza na nani?"

"Peke yangu, Mwalimu. Upande huu na upande ule."

"Na huyo wa upande ule, huwa anangoja?"

Nzilani alifikiri. "Hapana. Akingoja, nyumba inanyamaza."

Mwalimu aliokota kizibo kilichosalia mezani. Kisha akamwambia kwamba basi aliyemshinda hakuwa Njau, bali ule unyamavu. "Ijumaa, kabla hujagusa kizibo, jiulize: ninasogea kwa sababu njia imefunguka, au kwa sababu kimya kimenichosha?"

Ijumaa ikafika. Njau akapanda kilima chake, Nzilani naye akapanda chake. Kila zamu yake ilipofika, alimsogeza askari hatua moja hapo hapo kilimani. Daraja lilikuwa wazi. Darasa lilikuwa kimya, na kimya kile kilifanana na kile cha chumbani kwao. Mara mbili mkono wake ulinyooka kuelekea darajani, mara mbili akajiuliza swali la Mwalimu, na mara mbili akaurudisha.

Zilipobaki dakika kumi, Njau alianza kuitazama saa ya ukutani. Alijua daraja tupu halimfai yeyote. Aliteremka na askari wote, akalivuka daraja, akakivamia kilima cha Nzilani. Huko dadu zilimgeuka. Saba wake wakaanguka, wa Nzilani wawili tu. Hapo Nzilani hakungoja tena hata kidogo. Alishuka na jeshi lake lote kwa mpigo, akawafagia waliobaki, na kengele ilipolia askari wake kumi walikuwa wamejaa darajani.

Njau alimpa mkono. "Leo umenitoa jasho," akasema. Njau akaandikwa kuwa mchezaji wa akiba.

Jumamosi huko Ruiru, Nzilani alimwona Wanja kabla hajashuka kwenye basi la shule. Wanja alimkumbatia kwa nguvu, kisha akarudi kuketi na msichana aitwaye Jackie, nao wakaangua kicheko kwa jambo ambalo Nzilani hakulijua. Iliuma. Iliuma vibaya sana. Alitaka kumvuta Wanja kando amuulize mbona amemsahau upesi hivyo. Akajiuliza kwanza swali la Mwalimu, akajua ni kuchoshwa na kungoja tu. Akaketi mwisho wa benchi, akangoja.

Baada ya muda, Jackie alimgeukia. "Wewe ndiye yule aliyekwea mparachichi na sketi ya shule, sketi ikabaki mtini? Wanja hutuhadithia kila siku."

Nzilani akacheka hadi akashika mbavu, na Wanja akasogea karibu naye.

Walishinda michezo miwili, wakashindwa miwili. Wakati wa kurudi, Mwalimu Magdalene aliketi karibu na Nzilani na kumwambia kwamba kushambulia si kosa, na kungoja si woga. "Kosa ni kukimbia kwa sababu tu moyo umechoka kukaa. Mwenye subira hutazama, na wakati wake ukifika, hasitisiti."

Nzilani alimuuliza kama kimya cha nyumbani nacho kitaisha. Mwalimu hakumdanganya. Alisema hakitaisha kesho, ila kitapungua.

Njau, aliyekuwa kiti cha nyuma, akainuka na kumuuliza Nzilani nyumba yao pale Landless ni mlango wa ngapi, ili jioni aje wacheze.