Mcheza Gemu wa Daraja la Sevère

Askari wa kwenye gemu alianza kutembea bila kuamriwa na mtu.

Kerwin Naquin alikuwa ameachia vidole ili ashike soseji yake ya wali, bado ya moto ndani ya karatasi ya dukani. Simu aliilaza mapajani, imebanwa katikati ya vishikio viwili, kimoja kila upande, vyenye vitufe na vijiti vifupi vya kusukumwa kwa dole gumba. Ukiipachika simu humo inageuka mashine ya gemu ya mkononi, na Kerwin aliipachika kila siku ya kazi kabla kiti hakijapata joto. Sasa alitafuna huku akimtazama askari wake akiacha vita, akigeuka kushoto, akitembea taratibu mpaka ukutani na kuendelea kuusukuma ukuta kwa kifua.

"Kijiti kimechoka," alisema mdomo ukiwa umejaa.

Vijiti hivyo huchakaa kweli. Akaagiza vishikio vipya, vikafika Alhamisi. Ijumaa askari akageuka tena. Safari hii Kerwin alizungusha kiti, akayapa mgongo maji ya mto yaliyopita chini ya dirisha. Askari akageukia kulia. Akazungusha kiti tena. Askari akashuka chini ya skrini. Popote Kerwin alipoelekea, askari alifuata sehemu moja tu ya kibanda alichofanyia kazi: meza ya swichi za daraja.

Mtu mwenye akili angesimama akatoka nje. Kerwin aliwaandikia wenzake wa gemu kwamba vitu vya siku hizi havidumu.

Daraja la Sevère huinuka kupisha boti za wavuvi wa uduvi na matishari ya mafuta, nasi wa huku kusini mwa Luiziana tumezoea kulisubiri. Juu yake kuna kibanda, na kibandani mtu mmoja, zamu yenye urefu wa saa kumi na mbili. Boti ikipiga honi, yeye huwasha taa nyekundu, hushusha vizuizi magari yasimame, kisha huinua daraja. Kazi yenyewe ni kusikia. Kerwin aliifanya kazi hiyo akiwa amevaa hedifoni.

Alipewa nafasi kwa sababu mkewe, Charlene, alimwangukia binamu yake aliyekuwa na sauti ofisini. Hakushukuru. Akiulizwa kazi yake alijibu, "Mimi mchezaji. Daraja linanipa umeme wa kuchajia tu." Alikuwa na miaka thelathini na sita. Manahodha walipiga honi mpaka wakachoka, na aliposhuka kuwakuta wamenuna aliwaambia, "Mto unakimbia? Tulieni." Kisha akacheka mwenyewe, maana hakuna mwingine aliyecheka.

Wiki ya pili ikaja harufu. Ilikuwa kafuri, kali, ile ya mafuta ya kuchulia magoti na kifua, na chini yake kahawa iliyoungua. Alifungua dirisha, ikabaki. Akanyunyiza marashi ya gari, ikabaki juu ya marashi. Halafu vitufe vikaanza kusikika kutoka ndani ya droo, alipokuwa amevifungia vishikio humo ili ale chakula cha mchana: tk, tk, tk, bila haraka, kama mtu anayejaribu swichi moja baada ya nyingine ili azijue.

Unadhani aliogopa? Aliogopa kidogo. Ila siku hiyohiyo gemu ilianza kujicheza, na ilicheza vizuri. Kerwin alishika vishikio na kuvihisi vikisonga chini ya vidole vyake, na yule askari, ambaye kwa miaka minne alikuwa akifa kila baada ya dakika mbili, akawa hagusiki. Kerwin aliacha vidole vibebwe. Jina lake lilipanda juu ya orodha, wenzake wakamshangilia kwenye hedifoni, naye akawajibu, "Nimekuwa nikijizuia tu, wadogo zangu." Kitu kisichoonekana kilikuwa kimeivaa mikono yake kama glavu, naye akajipa sifa.

Jioni moja wakati wa kubadilishana zamu, mzee Alcide Verdin, anayeshika usiku, alisimama mlangoni akinusa.

"Umepaka dawa gani humu?"

"Sijapaka kitu."

Alcide akashusha sauti. "Hiyo kafuri ya Bi Verna."

"Acha utoto, mzee."

"Mimi nakaa humu usiku kucha, sisikii kitu wala sinusi kitu. Ni zamu yako tu, Kerwin." Alikuwa ameshika kofia kifuani kama yuko kanisani. "Ulimfanyia nini yule mama?"

"Mimi? Mimi ndiye niliyemkuta!"

"Najua ulimkuta. Nimekuuliza ulimfanyia nini."

Verna Picou alishika zamu ya usiku miaka thelathini na moja. Alifia kwenye kiti hichohicho, mwezi wa tatu, kabla ya mapambazuko, na Kerwin ndiye aliyefika kumpokea, amechelewa dakika ishirini. Mazishini alilia kuliko watoto wa marehemu.

"Mzee, nenda kazini," Kerwin alimwambia Alcide, ingawa Alcide alikuwa tayari kazini. Akachukua simu yake akashuka ngazi. Asubuhi iliyofuata alirudi na vishikio. Alikuwa akiongoza orodha.

Jumanne ukungu ulishuka mpaka kwenye maji. Kila Jumanne, saa nne kasorobo, Charlene huvuka daraja na pikapu, anampeleka baba yake, mzee Whitney, kusafishwa damu mjini. Kerwin alilijua hilo kama anavyojua jina lake. Saa tatu na nusu honi ya tishari ililia ndani ya ukungu, ndefu, kisha fupi. Akaisikia hata kupitia hedifoni. Akasema atamaliza raundi hii kwanza.

Gemu ikakatika. Juu ya skrini likatokea jina, kama linavyotokea simu ikiita: *Verna Picou*.

Alikata. Likatokea tena. Akakata. Likatokea mara ya tatu, na hedifoni zikatoa sauti ya mwanamke anayevuta pumzi kwa shida, karibu sana, kana kwamba mdomo wake uko ndani ya sikio.

"Leo utanisikia," ikasema.

Alitaka kuitupa simu na akagundua kwamba madole gumba yake hayaondoki kwenye vijiti, yameng'ang'ania kama ngozi inavyong'ang'ania chuma chenye barafu, na kwenye skrini hakukuwa tena na askari wala vita bali daraja, daraja la Sevère lenyewe na kutu zake, ukungu wake, na kibanda kidogo juu chenye mtu mdogo aliyeinama, na dole gumba la kushoto likaanza kusukuma mbele, polepole, likisukumwa na nguvu isiyo yake, na chini ya miguu yake injini kubwa zikaamka na sakafu ya kibanda ikatetemeka, kwa maana daraja lilikuwa likiinuka, la kweli, bila taa nyekundu, bila vizuizi, na kutoka ndani ya ukungu, upande wa nyumbani asikokutazamia hata kidogo kwa kuwa hakuwahi kutazama, zikatokea taa mbili za gari ambazo angezitambua popote, moja nyeupe na moja ya njano kwa sababu tangu Krismasi alikuwa ameahidi kuibadilisha.

"Sio wao!" alilia. "Bi Verna, nakuomba, sio wao! Nifanye mimi unachotaka!"

"Wewe?" Sauti ilicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyeonyeshwa kitu kibovu sokoni. "Nikufanye wewe nini, Kerwin? Una nini wewe cha kuchukua?"

Simu ikaita. *Charlene*. Dole lake la kulia, mbele ya macho yake, likabanduka kijitini kwa nukta moja, likalifuta jina la mkewe, haraka, kwa ustadi wa dole lililozoea.

Swichi ya dharura ilikuwa mezani, nyekundu, kubwa kama sahani ya kikombe. Mikono haikuwa yake. Kerwin alijirusha na kuipiga kwa kipaji cha uso, mara moja, akakosa, akapiga tena, ngozi ikapasuka, akapiga mara ya tatu, na injini zikanyamaza. Hilo ndilo jambo la maana pekee alilowahi kulifanya kwenye kile kibanda, na alilifanya kwa kichwa kwa sababu hakuwa na kingine.

Pikapu ilisimama magurudumu ya mbele yakiwa hewani. Mtu wa lori la nyuma alikimbia akamvuta mzee Whitney kupitia dirishani. Mzee alivunjika mfupa wa bega, akawa anatukana kwa Kifaransa, na waliomsikia walimshukuru Mungu kwa matusi hayo. Charlene alitoka mwenyewe. Alitazama juu, kibandani, akamwona mumewe dirishani na damu usoni, simu bado mikononi.

Ofisi ilimsimamisha kazi siku hiyohiyo, ikasema ni uzembe, na haikukosea. Vishikio viliachia vidole vyake jioni, na ngozi ikabaki kwenye vijiti. Kafuri ikamfuata nyumbani. Ilikaa jikoni, kwenye mapazia, kwenye mchuzi. Alhamisi, mzee akiwa bado amelazwa, Charlene alikwenda kumwomba Bi Leontine Dardar, anayetibu watu kwa sala na uzi wa mafundo kama mama yake na bibi yake. Huwa haji asipoombwa, hapokei kitu, na hashukuriwi.

Alikuja saa nane mchana na viatu vya bustani. Aliketi mezani mbele ya Kerwin, akamfunga uzi kwenye kiganja chenye vidonda, akaanza kunong'ona. Kwenye fundo la tano akaacha.

"Huyu hakuja kuua mtu," alisema polepole. "Anapiga hodi. Siku aliyokufa alikupigia simu?"

"Hapana."

"Nitakuuliza tena, baba. Ukisema kweli mbele ya mkeo, namalizia mafundo na anakwenda zake. Ni hilo tu. Alikupigia?"

Charlene alikuwa ameegemea friji, mikono kifuani. Kerwin alimtazama mganga, akamtazama mkewe, na nyie mnaosoma mnajua alichotakiwa kusema. Kulikuwa na neno moja.

"Simu ilikuwa kwenye chaji," alisema. "Chumba kingine. Ningesikia ningekwenda mbio, haki ya Mungu namheshimu sana yule mama, ni kama mama yangu."

Bi Leontine akaufungua uzi, fundo moja moja, akauviringisha na kuutia mfukoni.

"Nimetibu walevi," alisema. "Nimetibu mtu aliyempiga baba yake. Wewe sijui nikushike wapi." Akamgeukia Charlene. "Pole, mwanangu." Akatoka.

Charlene alinyoosha mkono. "Nipe simu."

"Charlene, mpenzi, yule bibi mwenyewe amezeeka..."

"Ifungue. Nipe."

Alitafuta mpaka mwezi wa tatu. Hakuchukua muda, Kerwin hakuwa na watu wengi wanaompigia. Saa kumi na moja kasoro dakika nane alfajiri: Verna Picou, imekatwa. Saa kumi na moja kasoro dakika sita: imekatwa. Saa kumi na moja kamili: imekatwa. Si kwamba haikupokelewa. Ilikatwa kwa kidole.

"Ulikuwa unacheza," alisema Charlene.

"Ilikuwa raundi ya mwisho. Ningejuaje? Angepiga polisi! Kwa nini anipigie mimi?"

Alisema hivyo. Aliyasema hayo mbele ya mwanamke ambaye juzi magurudumu yake yalikuwa hewani.

Simu ikaita mkononi mwa Charlene. Kafuri ikawa nzito mpaka macho yakawachoma wote wawili. Jina likawaka kwenye skrini.

"Usipokee!" Kerwin alinong'ona, ameruka kutoka kwenye kiti, mgongo ukutani. "Zima! Charlene, kata, kata!"

Charlene alimtazama kama unavyotazama kitu kilichonata chini ya kiatu. Akaweka simu sikioni.

"Haloo, Bi Verna. Ni Charlene. Nakusikia."

Alisikiliza kwa muda mrefu. Mara mbili alisema, "Ndiyo, mama." Mara moja alijifuta uso kwa kiwiko. Mwisho akasema, "Hapana, si usumbufu," kwa sauti ile watu huitumia kwa mgonjwa, akakata, na kuiweka simu mezani taratibu, skrini chini.

"Amesemaje?" Kerwin alikuwa bado ukutani. "Anataka nini kwangu? Atanifanya nini? Charlene! Amesemaje?"

Charlene alichukua funguo za gari la jirani na mkoba wa dawa za baba yake.

"Kifua kilikuwa kimembana. Alitaka mtu wa kumpokea zamu mapema, aende hospitali. Hakutaka kuacha daraja bila mtu."

"Na mimi? Kasema nini kuhusu mimi?"

"Hakukutaja," alisema Charlene.

Akatoka, akaacha mlango wazi. Harufu ya kafuri ikatoka pamoja naye, mpaka garini, mpaka barabarani, na jikoni pakabaki pasipo na harufu yoyote.